Mjusi ‘mzuka’ wa jangwani aliyefichwa na jina la mwenziwe

KATIKA majangwa ya Australia, jua linapotua na mchanga kuanza kupoa, huibuka mjusi mdogo mwenye magamba laini yanayong’aa, na rangi iliyofifia kiasi kwamba mtu anaweza kumkaribia asimtambue. Mchana kutwa huwa amejizika mchangani. Usiku hutoka kuwinda wadudu, na jua linapochomoza huwa ametoweka tena.

Mjusi huyu si mgeni wa jangwa hilo. Ameishi humo kwa vizazi visivyohesabika, na mwili wake umehifadhiwa katika mitungi ya makavazi kwa miongo mingi. Hata hivyo, hadi mwaka wa 2013 hakuwa na jina lake mwenyewe. Katika vitabu na katika vibandiko vya mitungi hiyo, aliitwa kwa jina la mjusi mwingine ambaye maskani yake yako mbali, upande wa mashariki.

Mwaka huo watafiti watatu walichapisha katika jarida la Zootaxa uchunguzi uliorekebisha kosa hilo. Watafiti hao ni Sven Mecke wa Chuo Kikuu cha Marburg nchini Ujerumani, Paul Doughty wa Makavazi ya Australia Magharibi na Stephen Donnellan wa Makavazi ya Australia Kusini. Walimpa mjusi huyo jina la kisayansi la Eremiascincus phantasmus. Sehemu ya kwanza ya jina hilo ina maana ya skinki wa jangwani. Ya pili inatokana na neno la kale la Kigiriki lenye maana ya mzuka, kwa sababu ya weupe wa mwili wake.

Huenda msomaji akauliza: mjusi mmoja zaidi katika dunia iliyojaa mijusi ana umuhimu gani? Jibu la swali hilo linahitaji kueleza skinki ni mnyama wa namna gani, namna wataalamu wanavyotambua kuwa viumbe wawili wanaofanana si wa aina moja, na kwa nini kiumbe asiye na jina huwa hana wa kumtetea.

Jamaa mkubwa wasiojulikana

Skinki ni mijusi wa familia ambayo wataalamu huiita Scincidae. Ni mojawapo ya familia kubwa zaidi za mijusi duniani, ikiwa na spishi zaidi ya 1,700. Wengi wao wana shingo isiyotofautiana sana na kichwa, miguu mifupi, na magamba laini yaliyopangana kama vigae vya paa. Hawana sumu.

Jina lenyewe ni la kale. Wagiriki walisema skinkos, nao Waarabu humwita mjusi wa aina hiyo saqanqur. Katika tiba za kale za nchi za Mediterania na Mashariki ya Kati, skinki wa mchangani alikaushwa, akasagwa na kuuzwa kama dawa.

Mkenya hahitaji kusafiri ili kumwona skinki. Yule mjusi mwenye mwili wa kung’aa na mistari ubavuni, anayeota jua juu ya mawe au ukingoni mwa ua kisha akatimka kwa kishindo majanini mtu anapokaribia, kwa kawaida huwa wa familia hii. Asichanganywe na mjusi kafiri anayetambaa ukutani na darini usiku akiwinda nondo karibu na taa. Huyo ni wa familia nyingine kabisa, na vidole vyake vina nyayo maalumu za kunasa ukutani ambazo skinki wa kawaida hana.

Wengi wa skinki wana hila moja mashuhuri. Adui akimshika mkia, skinki huukata mwenyewe na kukimbia. Mkia hubaki ukifurukuta chini na kumshughulisha adui, naye mwenyewe hunusurika. Baadaye mkia mwingine huota, ingawa mara nyingi huwa mfupi na wenye rangi tofauti na ule wa awali.

Maisha ndani ya mchanga

Jangwani, adui wa kwanza wa mnyama mdogo ni joto. Wakati wa kiangazi uso wa mchanga unaweza kupita nyuzi 60 za Selsiasi, joto linaloweza kumuua mjusi kwa muda mfupi. Lakini sentimita chache chini yake hali huwa tofauti. Mchanga haupitishi joto kwa urahisi, na kadiri mnyama anavyozama ndivyo anavyopata ubaridi na unyevu kidogo.

Hii ndiyo sababu skinki wengi wa jangwani wamejifunza kuishi ndani ya mchanga badala ya juu yake. Eremiascincus wa majangwani hujulikana Australia kama waogeleaji wa mchangani. Jenasi hiyo ilipewa jina mwaka wa 1979 na mtaalamu Allen Greer, na wakati huo alitaja spishi mbili tu. Pua zao zilizochongoka na magamba yasiyokwaruza huwawezesha kupenya mchanga mlegevu. Wengine hujificha katika mashimo yaliyochimbwa na wanyama wengine, au chini ya vichaka vya nyasi ngumu zenye ncha kali ziitwazo spinifeksi. Chakula chao ni wadudu, wakiwemo mchwa, na mara nyingine mijusi wadogo kuliko wao.

Namna mjusi anavyosafiri ndani ya mchanga ilikuwa fumbo kwa muda mrefu, kwa kuwa jicho halioni kinachotendeka humo. Mwaka wa 2009 watafiti wa Chuo cha Teknolojia cha Georgia nchini Marekani walichapisha katika jarida la Science majaribio waliyomfanyia skinki wa Afrika Kaskazini aitwaye Scincus scincus, ambaye hujulikana pia kama samaki wa mchangani. Walimpiga picha za eksirei za kasi kubwa akiwa amezama.

Matokeo yaliwashangaza wengi. Ilidhaniwa kuwa mjusi huyo hutumia miguu yake kama makasia. Picha zilionyesha kuwa anapokuwa ndani huibana miguu ubavuni na kuacha kuitumia kabisa. Husonga kwa kuupinda mwili wake kama wimbi linaloanzia kichwani na kwenda mkiani, kama afanyavyo mkunga majini, kwa kasi inayoweza kufika takriban sentimita 10 kwa sekunde. Punje za mchanga zinazosukumwa na mwili huo humpa egemeo, naye husonga mbele.

Matumizi ya ujuzi huo si ya kielimu tu. Watafiti hao walitumia kanuni hiyo kuunda roboti inayoweza kujisukuma ndani ya vitu vilivyo kama mchanga. Roboti za namna hiyo zinatarajiwa kusaidia siku moja kuwatafuta watu waliofunikwa na vifusi baada ya tetemeko au maporomoko ya ardhi.

Jina moja, wanyama kadhaa

Kisa cha mjusi mzuka kilianza London katika karne ya 19. Mwaka wa 1867 Albert Günther, mtaalamu wa samaki na reptilia katika Makavazi ya Uingereza, alieleza mjusi mwenye mistari myembamba ya kupingana mgongoni aliyeletwa kutoka Queensland, mashariki mwa Australia. Alimwita Hinulia fasciolata, yaani mwenye vijimkanda. Miaka minane baadaye, mwaka wa 1875, Günther alieleza mwingine kutoka upande wa magharibi wa bara hilo na kumwita Hinulia pallida, yaani aliyepauka.

Wakati ulipita na majina ya jenasi yakabadilika. Wataalamu waliofuata walitazama mijusi wa aina hii kutoka pembe mbalimbali za Australia, wakaona wote wana umbo moja, ung’avu mmoja na mistari inayokaribiana. Wakaamua kuwa ni spishi moja iliyoenea katika sehemu kubwa ya bara. Kwa kuwa jina la fasciolata ndilo lililotangulia, ndilo lililobaki. Jina la pallida lilizikwa katika orodha ya majina yasiyotumika.

Uamuzi huo ulikuwa na mantiki yake. Mjusi mmoja anaweza kuwa na mistari iliyokolea na ndugu yake akawa na iliyofifia. Makinda huweza kutofautiana na wazazi, na walio mchanga mweupe huweza kutofautiana na walio udongo mwekundu. Mtu akitoa jina jipya kwa kila tofauti ya rangi, majina yatazidi mijusi wenyewe.

Lakini kadiri sampuli zilivyoongezeka ndivyo mashaka yalivyokua. Mwaka wa 2009 watafiti hao hao watatu walieleza spishi mpya kutoka Jangwa Kuu la Mchanga na pwani ya Pilbara, Australia Magharibi, wakaiita Eremiascincus musivus kwa sababu ya madoa yake yaliyopangika kama nakshi za vijiwe. Katika makala hayo hayo walihamisha spishi nane kutoka jenasi nyingine na kuziingiza katika Eremiascincus. Ikadhihirika kuwa waogeleaji hao wa mchangani wana ndugu wanaoishi penye unyevu zaidi kaskazini mwa Australia, na hata katika visiwa kama Timor.

Hatimaye mwaka wa 2013 walilikabili fumbo la fasciolatus lenyewe. Hitimisho lao lilikuwa kwamba jina hilo lilikuwa limewafunika wanyama zaidi ya mmoja. Mwenye jina halisi ni yule wa mashariki mwa Queensland. Mijusi wa magharibi na wa katikati ya bara walirudishiwa jina lao la mwaka wa 1875, na sasa huitwa Eremiascincus pallidus. Wale wa bonde la Ziwa Eyre, wenye mwili uliopauka na mistari inayoonekana kwa shida, hawakuwa na jina lolote la kale lililowafaa. Hao ndio waliopewa jina la mzuka.

Bonde hilo si dogo. Lina ukubwa wa takriban kilomita mraba milioni 1.2, yaani karibu sehemu moja kwa sita ya Australia na zaidi ya mara mbili ya ukubwa wa Kenya. Ndani yake limo Jangwa la Simpson, lenye matuta ya mchanga yaliyopangana sambamba na ambayo baadhi yake hufika urefu wa kilomita 200. Ziwa lenyewe, ambalo sakafu yake iko takriban mita 15 chini ya usawa wa bahari, huwa kavu kwa muda mwingi na hujaa kwa nadra mno.

Hakimu ni mtungi wa spiriti

Je, wataalamu huamuaje kuwa kiumbe fulani ni spishi mpya? Wengi hudhani kuwa mtafiti huingia porini, akaona mnyama ambaye hajawahi kuonwa, akapiga kelele za furaha. Mambo hayawi hivyo mara nyingi. Aghalabu spishi mpya hugunduliwa ndani ya jengo, juu ya meza, chini ya darubini.

Utaratibu wa kutaja wanyama unaongozwa na kanuni za kimataifa ambazo chimbuko lake ni kitabu cha Carl Linnaeus, raia wa Uswidi, kilichochapishwa mwaka wa 1758. Kanuni mbili ndizo nguzo. Ya kwanza ni kwamba jina lililotangulia kuchapishwa ipasavyo ndilo lenye haki. Ya pili ni kwamba kila jina hufungamanishwa na sampuli halisi iliyohifadhiwa mahali panapojulikana. Sampuli hiyo kielelezo ni kama hatimiliki ya shamba. Mgogoro ukizuka kuhusu nani mwenye jina, ndiyo inayotazamwa.

Kwa sababu hiyo, mtu anayetaka kujua fasciolatus halisi ni yupi hana budi kurejea kwa mijusi ambayo Günther aliishika mikononi zaidi ya karne moja iliyopita. Kama isingehifadhiwa, mgogoro huo ungekuwa mgumu kupata ufumbuzi.

Baada ya hapo hufuata kazi inayohitaji subira. Mtafiti huhesabu safu za magamba katikati ya mwili, magamba ya mdomo wa juu, na vikunjo vilivyo chini ya kidole cha nne cha mguu wa nyuma. Hupima urefu kutoka pua hadi kwenye tundu la haja, kwa kuwa mkia huweza kuwa umekatika na hivyo si kipimo cha kuaminika. Huhesabu mistari ya mgongoni na ya mkiani. Kazi hiyo hurudiwa kwa makumi na hata mamia ya sampuli, ndipo atazame iwapo hesabu hizo zinajigawa katika makundi au zinachanganyika.

Siku hizi chembe za urithi, yaani DNA, zimeongezwa katika ushahidi huo. Kipande kidogo cha ini au cha mkia hutosha. Chembe hizo huonyesha iwapo makundi mawili yamekuwa yakizaana au yametengana kwa maelfu au mamilioni ya miaka. Ushahidi wa maumbile, wa chembe za urithi na wa maeneo unapoelekeza upande mmoja, mtafiti huwa na msingi wa kutoa jina. Makala yake hukaguliwa na wataalamu wengine kabla ya kuchapishwa.

Ni kazi isiyo na malipo makubwa wala sifa nyingi. Hata hivyo, ndiyo msingi wa maarifa mengine yote kuhusu viumbe. Zootaxa, jarida lililoanzishwa mwaka wa 2001 huko New Zealand, limekuwa uwanja mkuu wa kazi hiyo. Kutokana na juhudi kama hizo, idadi ya spishi za reptilia zinazotambuliwa duniani imepita 12,000, na huongezeka kila mwaka.

Kwa nini Australia?

Jangwa huonekana kama mahali pa ufukara wa uhai. Kwa mijusi wa Australia, ukweli ni kinyume. Mtaalamu wa Marekani Eric Pianka, aliyefariki mwaka wa 2022, alianza kuchunguza majangwa ya huko katika miaka ya 1960. Katika Jangwa Kuu la Victoria alikuta mahali ambapo spishi zaidi ya 40 za mijusi huishi pamoja katika eneo dogo. Idadi hiyo ilizidi kwa mbali ile aliyoipata katika majangwa ya Marekani, na ilikuwa juu kuliko ya Kalahari kusini mwa Afrika.

Mwaka wa 1988 watafiti wengine wawili, Stephen Morton na Craig James, walipendekeza maelezo ambayo yangali yakijadiliwa. Walisema kuwa udongo wa huko ni maskini wa virutubisho. Kwa sababu hiyo nyasi zinazostawi ni ngumu zisizolika kwa urahisi, kama vile spinifeksi. Wanyama wakubwa wala majani hawazifurahii, lakini mchwa huzimudu vyema. Mchwa wakiwa tele, mijusi hupata chakula. Zaidi ya hayo, mjusi hahitaji kula kila siku kama ndege au mnyama mwenye damu moto, na hivyo huvumilia miaka ya ukame ambayo ingewaangamiza wengine.

Isitoshe, wakaaji wa jangwa hugawana nafasi na saa. Wako wanaowinda mchana na wanaowinda usiku. Wako wa juu ya mchanga, wa ndani ya mchanga na wa katikati ya vichaka. Mjusi mzuka ana zamu yake ya usiku, na kwa namna hiyo haingiliani sana na walio wa mchana.

Jina na uhai

Kubadilisha jina kwenye kibandiko kunaweza kuonekana kama mchezo wa wasomi. Lakini matokeo yake hufika mbali.

Tuseme serikali inaamini kuwa spishi fulani imeenea katika bara zima. Ukijengwa mgodi au barabara katika sehemu moja ya eneo hilo, hakuna atakayetikisika, kwa kuwa wengine wako tele kwingineko. Lakini ikigunduliwa kuwa jina hilo moja lilikuwa limewafunika wanyama watatu, na kwamba mmoja wao anapatikana katika sehemu hiyo tu, hesabu hubadilika mara moja. Kilichodhaniwa kuwa hasara ndogo huwa tishio kwa spishi nzima. Ndivyo ilivyokuwa kwa fasciolatus, ambaye baada ya uchunguzi wa 2013 eneo lake lilipungua kutoka sehemu kubwa ya Australia hadi mashariki mwa Queensland.

Hatari zenyewe si za kubuni. Mwaka wa 2018 watafiti wa Australia walikadiria kuwa paka, wakiwemo wa nyumbani na waliogeuka kuwa wa porini, huua takriban reptilia milioni 649 kila mwaka nchini humo. Paka hao waliletwa na walowezi kutoka Ulaya, na mijusi wa huko hawakuwa wamewazoea. Paka naye huwinda usiku, saa zile zile ambazo mjusi mzuka hutoka mchangani.

Kisha lipo joto la dunia. Utafiti uliochapishwa katika jarida la Science mwaka wa 2010 ulionya kuwa hali ikiendelea ilivyokuwa, huenda asilimia 20 ya spishi za mijusi ikawa imetoweka kufikia mwaka wa 2080. Sababu si kwamba joto huwaua papo hapo. Joto likizidi, mjusi hulazimika kukaa mafichoni kwa saa nyingi zaidi, akakosa muda wa kutafuta chakula cha kutosha kuzaa.

Mwaka wa 2022 tathmini ya kwanza ya kina ya reptilia wa dunia nzima ilichapishwa katika jarida la Nature. Iligundua kuwa kati ya spishi 10,196 zilizochunguzwa, asilimia 21 zimo hatarini. Reptilia wa misituni walikuwa katika hatari kubwa kuliko wa majangwani. Hata hivyo, tathmini kama hiyo huhesabu spishi zilizo na majina tu. Zisizo na majina hazimo katika orodha ya walio salama, wala ya walio hatarini.

Na kuhusu faida kwa binadamu, ipo historia inayostahili kukumbukwa. Katika majangwa ya Marekani na Mexico yuko mjusi mwenye sumu aitwaye Gila. Mapema katika miaka ya 1990, daktari John Eng aligundua katika mate ya mjusi huyo kemikali inayofanana na homoni ya binadamu inayosaidia kudhibiti sukari mwilini. Kutokana nayo ilitengenezwa dawa ya kisukari iliyoidhinishwa nchini Marekani mwaka wa 2005, ikiwa ya kwanza katika kundi la dawa ambazo leo hutumiwa na mamilioni ya watu. Hakuna aliyemtazama mjusi huyo karne iliyopita akaona ndani yake tiba ya kisukari.

Funzo kwa Kenya

Kisa hiki cha mbali kina mwangwi wake hapa barani. Zaidi ya asilimia 80 ya ardhi ya Kenya ni kame au nusu kame, kuanzia Turkana na Jangwa la Chalbi huko Marsabit hadi nyika za Tsavo. Ni maeneo ambayo kwa muda mrefu watafiti waliyapita haraka, wakivutiwa na misitu ya milimani na mbuga za wanyama wakubwa.

Mwaka wa 2016 watafiti walichapisha uchunguzi wa chembe za urithi za skinki wadogo wa jenasi ya Panaspis, wanaopatikana katika nyika nyingi za Afrika kusini mwa Sahara. Walikuta hali ile ile ya Australia. Majina yaliyodhaniwa kuwa ya spishi moja iliyoenea nchi nyingi yalikuwa yamefunika nasaba kadhaa zilizotengana zamani. Kufikia mwaka wa 2020, mmoja wa jamaa hao kutoka ukanda mkavu wa kusini magharibi mwa Angola alikuwa amepewa jina la Panaspis mocamedensis, kutokana na mji wa Moçâmedes.

Wataalamu wa humu nchini nao hawajakaa mikono mitupu. Patrick Malonza wa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya alishirikiana na wenzake kueleza mjusi mdogo wa eneo la Mlima Kenya mwaka wa 2016, aliyeitwa Lygodactylus wojnowskii. Mwaka wa 2019 wakaeleza mwingine kutoka Tsavo, Lygodactylus tsavoensis. Hawa si skinki bali ni jamaa wa karibu wa mjusi kafiri. Lakini njia iliyotumika ni moja: sampuli zilizohifadhiwa vyema, vipimo, chembe za urithi na subira.

Hapo ndipo penye mzigo wa suala hili. Mjusi mzuka wa Australia alipata jina kwa sababu kulikuwa na watu waliomkusanya, makavazi yaliyomtunza na wataalamu waliolipwa kumtazama. Palipokosekana moja kati ya hayo matatu, spishi huweza kuzaliwa, kuishi na kuangamia pasipo yeyote kujua kuwa iliwahi kuwepo. Bajeti ya kununua spiriti, mitungi na vibandiko haivutii wanasiasa kama ya kujenga barabara. Lakini barabara inapopasua nyika, ripoti inayoeleza ni viumbe gani watakaodhurika hutegemea mitungi hiyo.

Wakazi wa maeneo kame pia wana nafasi yao. Wafugaji wa kaskazini, ambao hulala nje na kutembea usiku, huona mengi ambayo mtafiti anayekuja kwa wiki mbili hawezi kuyaona. Kijana anayejua ni mjusi gani hutoka mchangani baada ya mvua, na yupi huonekana tu katika makorongo, ana maarifa yanayoweza kumwongoza mtaalamu moja kwa moja hadi anapopahitaji. Badala ya kila mjusi kupigwa jiwe, huenda ikafaa atazamwe kwanza.

Wahenga walisema usilolijua ni kama usiku wa giza. Mjusi wa Ziwa Eyre aliishi katika giza la namna mbili: lile la usiku, ambalo ni ngao yake, na lile la jina lisilokuwa lake, ambalo halikumfaa kwa lolote. La pili limeondolewa. Katika mchanga wa Chalbi na nyika za Tsavo, hakuna sababu ya kudhani kuwa kazi kama hiyo imekwisha.